Nataka kuufufua mgahawa wa utotoni, mama anasema pale hakuwahi kushiba

BARUA

Dada Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Fort Worth, Texas. Nimeolewa, nina mtoto mmoja, nakaribia miaka 30. Jambo langu wengine watalicheka, maana linahusu mgahawa, tena mgahawa wenyewe ulishafungwa.

Nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kasulu, Tanzania. Wazazi wangu ni Warundi, wa wale waliokimbia mauaji ya kwao mwaka 1972 wakiwa watoto wa kubebwa mgongoni. Walikulia Congo, vita ya kule ikawavusha ziwa mpaka Kigoma. Mwaka 2008 tukaletwa Marekani, baba, mama na watoto watano, mimi nikiwa na miaka tisa. Baba akapata kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Mama akawa anasafisha vyumba katika hoteli nyingine, upande mwingine wa mji.

Kazini kwa baba kulikuwa na Mmeksiko mmoja aliyemwambia kuna mahali unalipa mara moja tu, unakula mpaka mwenyewe useme basi, na mtoto analipa nusu. Baba akatupeleka. Ulikuwa mgahawa wa Kimeksiko wa kujipakulia: wali mwekundu, maharage ya kupondwa, enchilada (chapati za mahindi zilizoviringishwa) zimefunikwa jibini ya njano, nyama ya kusaga yenye harufu ya binzari nyembamba. Kila meza ilikuwa na kijiti chenye kibendera cha Meksiko. Ukitaka kuongezewa, unakivuta juu, mhudumu anakuja.

Dada, mimi ni mtoto wa posho. Kambini chakula kilikuja kila baada ya wiki mbili, kwa kadi na kwa mizani, unga kiasi hiki, dengu kiasi hiki, mafuta kikombe, na wakati mwingine wanapunguza bila kukuuliza. Halafu niambiwe nivute bendera nitaletewa zaidi! Mdogo wangu wa kiume alipoivuta mara ya kwanza alikimbilia chini ya meza, akidhani tutafukuzwa. Mhudumu akaja na sahani ya sopapilla za moto. Kwa wasiozijua, sopapilla ni unga wa ngano uliokaangwa ukafura, kama andazi lililo tupu ndani. Unatoboa pembe, unamimina asali.

Tukawa tunaenda kila baba akipata mshahara, Jumamosi. Alivaa koti lake la kanisani. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, lakini pale alikuwa anacheka na kusema, "Leo hakuna mizani." Sijamwona akiwa na furaha namna ile mahali pengine popote.

Mgahawa ulifungwa nikiwa sekondari. Baba alifariki mwaka 2020, wakati wa korona. Tulimzika watu wachache, ndugu wengine wakitazama kwenye simu.

Sasa lile jengo liko wazi, linapangishwa. Mimi na mume wangu tumeweka akiba dola 38,000 kwa ajili ya malipo ya awali ya nyumba. Ninataka tuzitumie kufungua mgahawa pale pale, upande mmoja chakula kile kile cha Kimeksiko, upande mwingine ugali, isombe (majani ya muhogo), ndagala (dagaa) na pilau, na vibendera mezani. Jina nimeshalichagua. Mume wangu, ambaye ni Mkongomani wa Uvira aliyekulia kambi ya Nyarugusu, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Hiyo si biashara. Hayo ni matanga ya baba yako kwa pesa ya nyumba yetu." Hatukuongea siku mbili.

Nikaenda kwa mama, nikijua yeye atanielewa. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mimi pale sikuwahi kushiba."

Nilipomuuliza ana maana gani, alinyamaza. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenieleza. Kwamba tulikuwa na deni la tiketi za ndege. Kwamba wiki ya mgahawa mama alikuwa anakwenda kazini kwa miguu ili nauli ya basi ibaki. Kwamba ile jibini ilikuwa inamsumbua tumbo, hivyo alikula saladi na wali kidogo, akikaa na pochi mapajani. Mimi ninakumbuka kila kitu cha pale, lakini sikumbuki sahani ya mama.

Nilimsimulia mume wangu, akasema tu, "Umesikia? Basi yaishe."

Tangu siku hiyo sina raha. Je, kumbukumbu yangu ni ya uongo? Nilikuwa nakula jasho la mama nikicheka? Na mgahawa nifungue au nisifungue? Mwenye jengo anataka jibu mwisho wa mwezi huu.

Mtoto wa Kibendera, Fort Worth

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako ina maswali mawili, la jengo na la mama, na kila ulipoanza kueleza moja ulijikuta kwenye lingine. Nimejaribu kuyatenganisha nikashindwa. Basi nitayajibu yakiwa yamechanganyika hivyo hivyo. Kuhusu kusaini au kutosaini, uamuzi utabaki kwako.

Kwanza ondoa aibu ya kulilia mgahawa. Hapo Texas mko wengi. Mlikuwa na mtandao mzima wa migahawa ya namna hiyo, Pancho's Mexican Buffet, ulioanzishwa na Jesse Arrambide kule El Paso mwaka 1958 na baadaye kuwa na makao yake makuu hapo hapo Fort Worth. Vibendera na sopapilla za asali ndivyo vilivyoutambulisha. Watu wazima wenye wajukuu bado wanasimuliana habari za kuvuta kile kibendera. Kule Lakewood, pembeni ya Denver, kuna mwingine wenye vibendera, Casa Bonita, uliofunguliwa mwaka 1974, wenye maporomoko ya maji ndani ya jengo na vijana wanaojirusha kutoka juu wakati wewe unakula. Ulifungwa wakati wa korona, ukafilisika. Mwaka 2021 watunzi wawili wa katuni za televisheni waliokulia Colorado, Trey Parker na Matt Stone, wakaununua kwa dola milioni 3.1. Walidhani watafanya ukarabati wa kawaida, lakini mpaka unafunguliwa tena mwaka 2023 walikuwa wametumia zaidi ya dola milioni 40.

Nimekutajia hao kwa sababu ya jambo moja. Waliyarudisha maporomoko, wakarudisha mapango na wale warukaji. Chakula hawakukirudisha. Kila mtu pale Denver alikuwa anajua kwamba chakula cha zamani, ukiacha sopapilla, kilikuwa kibovu, na watu walikuwa wanakwenda hivyo hivyo. Wakamwajiri mpishi, Dana Rodriguez, mzaliwa wa Meksiko, apange upya kila kitu. Kwa hiyo hata wenye fedha za kufufua utoto wao walilazimika kujiuliza wanafufua kipi na kipi wanakiacha. Wewe bado hujajiuliza. Ni chakula? Ni jengo? Ni baba mwenye koti? Ukinijibu kwamba ni vyote, nitakuelewa, lakini jengo linalopangishwa litakupa kimoja tu kati ya hivyo.

Sasa mama. Umeniuliza kama kumbukumbu yako ni ya uongo. Soma tena maneno yake. Hakusema hamkushiba. Hakusema baba yenu hakuwa na furaha. Amejisema yeye. Ulishiba, na yeye hakushiba, kwenye meza moja, siku moja. Sioni mahali ambapo la kwake linalifuta la kwako.

Dada yako amekueleza vizuri kuhusu deni, nami niongeze kidogo ili uone hesabu ilivyokuwa, maana mtoto wa miaka tisa haelezwi mambo haya. Wakimbizi wanaopelekwa Marekani husafiri kwa mkopo. Hauna riba, lakini hulipwa kila mwezi kuanzia miezi michache baada ya kufika, na ninyi mlikuwa saba kwenye ndege. Ile kadi ya chakula ya serikali, hata kama mlikuwa nayo, hainunui chakula cha moto cha mgahawani. Kila sahani mliyokula pale ililipwa kwa fedha taslimu iliyotoka kwenye mshahara wa mashuka na wa vyumba. Baba yako aliposema "leo hakuna mizani" alikuwa anawapa zawadi kubwa, na pembeni yake alikaa mtu aliyeshika mizani kwenye pochi.

Hapo ndipo ninapokuomba uangalie kitu ambacho pengine hukukiona wakati unaandika. Unachokikumbuka kwa utamu ule ni kula bila kuhesabu. Mtoto anaweza kula bila kuhesabu pale tu mtu mwingine anapohesabu kwa niaba yake. Mwenye mgahawa wa kujipakulia ndiye mhesabuji kuliko wote. Nyuma ya zile sinia za moto nyama inapimwa. Wali na maharage huwekwa mwanzo wa foleni ili sahani ijae kabla mteja hajafika kwenye kitu cha bei. Faida inatafutwa kwenye soda. Kila kinachobaki saa nne usiku ni hasara inayotupwa. Ukisaini mkataba ule hutarudi kwenye kiti ulichokalia ukiwa mtoto. Utakalia cha mama, mwenye pochi mapajani. Sisemi ni kibaya. Watu wengi wamekikalia kwa heshima, mama yako akiwa wa kwanza. Ila wewe ulivyoeleza, nadhani ulikuwa unakitaka kile kingine.

Kuna na hili la Jumamosi. Kwa mwenye mgahawa, Jumamosi ndiyo siku ya kusimama jikoni mpaka miguu ivimbe. Mtoto wako atakula sopapilla kwenye meza ya pembeni, wewe ukigombana na mtu wa kuleta gesi. Umelifikiria?

Nisikutishe upande mmoja tu. Una mambo yanayokuunga mkono. Warundi na Wakongomani ni wengi hapo kwenu, na sahani yenye isombe upande mmoja na enchilada upande wa pili si kichekesho hata kidogo. Chakula chenyewe mnachokiita cha Kimeksiko hapo Texas, chenye jibini ya njano na binzari nyembamba nyingi, kilitengenezwa na watu waliojikuta ng'ambo ya mpaka wakapika vya kwao kwa vilivyopatikana dukani. Ungekuwa unaendeleza walichokianza. Tena hamu ya kulisha watu si ya kudharauliwa. Biashara nyingi zimesimama kwa hamu hiyo, nyingine zimeanguka kwa hamu hiyo hiyo.

Lakini barua yako haisemi kama umewahi kufanya kazi kwenye jiko la mgahawa. Kama hujawahi, miezi michache ya kuajiriwa mahali itakufundisha kwa bei nafuu. Dola 38,000 ni fedha nyingi kwa kuziweka na chache kwa kufungulia. Ingia ndani ya jengo na fundi anayejua majiko ya biashara. Je, dohani ya moshi na mfumo wake wa kuzima moto bado vipo? Tangi la kunasia mafuta machafu je? Kama waliotoka waling'oa kila kitu, akiba yako inaweza kuisha kabla hujanunua sinia hata moja. Aina yenyewe ya biashara nayo imepigwa vibaya. Mwezi Mei 2020 mtandao wa migahawa ya kujipakulia wa Souplantation, uliojulikana kwa majina mawili pamoja na Sweet Tomatoes, ulifunga milango yake yote kwa mkupuo. Furr's, mtandao mwingine mnaoufahamu sana hapo Texas, mwenye nao aliomba ulinzi wa kufilisika mwaka uliofuata. Waliokufa walikuwa na wahasibu.

Na ule mkataba wa pango usiusaini kabla mwanasheria hajausoma, hasa kifungu cha dhamana binafsi. Kifungu hicho kinaruhusu mwenye jengo kukufuata wewe mwenyewe, na mumeo kama ametia saini, kwa kodi ya miaka iliyobaki hata mgahawa ukifa mwezi wa sita. Muulize pia jengo limekaa wazi muda gani. Kama ni miaka, basi huo mwisho wa mwezi ni wake, wewe huna haja ya kuuogopa.

Ipo njia ya katikati, nayo ina miiba yake. Ukumbi wa kanisa, Jumamosi moja kwa mwezi, kwa kibali cha muda cha afya, watu wanalipa mlangoni, vibendera mezani. Utajua kama wanarudi. Utajua kama wewe mwenyewe bado unalipenda jambo hili ukishaosha masufuria ya watu 60. Hatari yake ni kwamba ndoto ikipewa kidogo inaweza kutulia, ukabaki unajiuliza ingekuwaje. Au ikafanikiwa, na hapo ugomvi na mumeo utakuwa mkubwa zaidi, kwa sababu utakuwa na ushahidi.

Nirudi kwenye neno la matanga. Limekuuma, ndiyo maana umelinukuu lote. Mumeo alilisema kwa ukali, lakini labda amegusa jambo kubwa kuliko alilokusudia. Baba yenu alizikwa na watu wachache, wengine kwenye simu. Je, mliwahi kukaa naye? Kwenu Burundi, baada ya muda wa msiba, ndugu hukusanyika kuondoa matanga, watu wakala, wakanywa, wakamsema marehemu. Barua yako haitaji kama jambo hilo lilifanyika. Kama halikufanyika kwa sababu ya korona, halijapitwa na wakati. Ninyi watano mnaweza kulifanya, na chakula mnaweza kupika kile alichokuwa anakivalia koti. Inawezekana baada ya hapo utalitaka lile jengo zaidi, na utalitaka ukiwa na kichwa kilichopoa. Inawezekana pia utapita mbele yake kwa gari bila kugeuza shingo. Mimi sijui, na nadhani wewe pia hutajua ukiwa bado unadaiwa jibu na mwenye jengo.

Kwa mama usiende na mpango wa biashara tena. Nenda na swali. Miezi yote ile, mtu ambaye jibini ilimuumiza na nauli ilimkosesha basi, aliendelea kwenda. Hakubaki nyumbani akasema anaumwa. Kwa nini alikuwa anakwenda? Baba hayupo, kwa hiyo yeye peke yake ndiye anayejua kilichokuwa kinaendelea upande wa wakubwa wa meza ile. Labda ni hadithi chungu. Labda alikuwa anatazama watoto wake watano wakikataa chakula kwa sababu wameshiba, jambo ambalo Mtabila hakuliona. Labda hata hilo jibu lake la siku ile halikuhusu zamani kabisa. Mtu aliyelipa tiketi saba kidogo kidogo akisikia dola 38,000 zinakwenda kwenye dohani, lazima moyo umshtuke. Akinyamaza, mwache anyamaze. Usimtake akusamehe, maana sioni alipokulaumu. Ulikuwa mtoto, na mtoto kuacha sahani ya mama bila kuitazama ndiyo kazi aliyokuwa anakufanyia.

Na mumeo. Umemnukuu mara mbili kwenye barua yote, na mara zote mbili anasema hapana. Hukuandika anataka nini. Naye ni mtoto wa posho, wa Nyarugusu, kwa kadi ile ile na mizani ile ile, na hakuwa na baba wa kumpeleka kwenye vibendera, au kama alikuwa naye hujatuambia. Nusu ya akiba ile ni yake. Akisema "nyumba", anaona nini? Chumba chenye kufuli ambacho hakuna atakayekuja kumwambia ahame? Muulize kabla mwezi haujaisha, siku ambayo hamjagombana, na simu ya mwenye jengo uizime.